Sababu ya Kufuta Sahihi Zangu

Al Muraqqabat, Deira,
Dubai.
Ijumaa, 13 Machi 2015

Mpendwa Kaka Aidarus,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wifi Mishi mguu umeshapoa. Mama je, presha imeshuka? Mimi kiwiliwili sijambo, alhamdulillahi. Rafiki yako Junaid amekubali kunichukulia barua mpaka kwako, ingawa bado amenuna.

Nilipokupigia wiki iliyopita kukuomba ushauri, uliniambia, "Tia sahihi, Rukiya, usijitie ujuaji kwenye nchi ya watu." Juzi nilipokwambia nimefukuzwa, ulikata simu. Najua wewe ndiye uliyemsihi Junaid anitafutie kazi hii, na aibu imekurudia. Basi nisome mpaka mwisho, kisha uamue utakavyo.

Kazi yetu kule Silicon Oasis ni kukagua na kukunja parachuti za wanajeshi. Mimi nikimaliza natia sahihi, halafu Eriya, Mganda mmoja mpole, anakagua upya na kutia yake. Miaka mitatu tumefanya hivyo. Januari kampuni iliuzwa, na wenyewe wapya wakaanza kutupanga upya. Kila wiki karatasi mpya ukutani: huyu kahamishwa, huyu khalas, kazi imekwisha. Watu wakaacha kula pamoja. Ukiitwa ofisini, wenzako wanatazama chini.

Eriya akapelekwa ghalani kuhesabu maboksi. Fomu hazikubadilika, wateja bado walitaka sahihi mbili. Meneja mpya akaniita, akataka nitie zote, ya pili kwa namba ya Eriya.

"Sir, hiyo si sahihi yangu," nikamwambia.

"Ni karatasi tu. Mzigo unatoka Alhamisi. Yalla, fanya haraka."

Siku tatu nilisumbuliwa. Kadi yangu ya mlango ilizimwa, nikawa nangoja juani mpaka mtu anifungulie. Rosette, Mganda pia, ninayekaa naye chumba kimoja na niliyemfundisha kazi mwenyewe, akaniambia jikoni, "Unatuponza sote. Mimi nina watoto Masaka. Usipotia, nitatia mimi."

Jumatano akatia sahihi ya pili kwa namba ya Eriya, fomu zote arobaini na moja. Siwezi kumlaumu.

Kaka, sahihi zangu zilikuwa tayari kwenye fomu zile, na ndizo zingeufanya uongo ule uaminike. Alhamisi ile ya wiki iliyopita, asubuhi, kabla lori halijafika, nilichukua kalamu nyekundu nikazifuta moja moja mbele ya meneja. Hakupaza sauti. Alisema tu niache kitambulisho mezani. Mjumbe wa wateja aliyekuja kupokea mzigo alipoziona fomu, akaukataa mzigo, na Eriya akarudishwa kukagua zote upya.

Jana alasiri Eriya alikuja hapa nyumbani. Chai hakuigusa. Nilidhani amekuja kunishukuru.

"Arobaini ziko salama," akasema. "Moja kamba zake zimepishana. Isingefunguka."

Nikamuuliza ilikaguliwa na nani, kana kwamba sahihi zote hazikuwa zangu.

"Wewe, Rukiya."

Miaka mitatu nasifiwa kwa macho makali. Nilikataa kwa sababu ya uongo, kumbe uongo wenyewe ulikuwa unafunika kosa langu. Nikifumba macho namwona mtoto wa mtu anavuta kamba angani.

Viza yangu imefutwa, nimepewa siku thelathini za kuondoka nchini. Utaratibu wa sahihi mbili umerudi, na Eriya amebaki kwenye nafasi yake ya ukaguzi. Nafasi yangu amepewa Rosette. Tulikuwa hatusemezani, lakini leo baada ya sala nimemkalisha chini, nikamwonyesha kwa nyuzi za pazia jinsi kamba moja inavyojificha nyuma ya nyingine. Amerudia mpaka akaweza. Kisha akalia, nami nikalia.

Ukiendelea kukasirika nitakuelewa. Lakini Mama usimwambie kwamba nilifukuzwa kwa ubishi, wala usinipambe kuwa nilionewa tu. Mwambie yote, na kosa langu ulitaje.

Nisalimie wifi Mishi na mwanao Ikhlas, na Bi Tufaha jirani kama bado anaulizia habari zangu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na anifikishe kwenu salama.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Rukiya