Mtunzaji wa Kihamba

Kibosho, Moshi.
Jumatatu, 15 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ronald,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, mke wako Pamela na watoto. Nasikia huko Mtwara joto limeshaanza. Sisi huku asubuhi bado ni masweta, na mlima leo umejionyesha kidogo tu kisha ukajifunika. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikishuka mteremko wa kanisani. Ng'ombe amezaa, ndama jike, mweusi kama mama yake. Je, Grace bado anakohoa usiku? Mwambie Pamela asimwogeshe jioni sana.

Na wewe afya yako naamini ni njema. Mtu anayeweza kupiga simu ndefu ndefu huku nyumbani hawezi kuwa mgonjwa.

Utashangaa dada yako kukuandikia kwa karatasi wakati simu ipo. Simu siziamini tena, na lile kundi la ukoo la WhatsApp siliamini hata kidogo. Barua hii nimempa Monica, binti wa jirani yetu anayefundisha huko kwenu, akuwekee mkononi. Isome yote taratibu. Usiruke mistari kwenda kutafuta mwisho, maana nakujua.

Jambo lenyewe ni kihamba cha baba, hili shamba letu la ukoo. Halmashauri inataka kubadilisha matumizi ya ardhi kwenye ukanda wetu wote, kuanzia darajani mpaka kwenye kona ya juu, paache kuwa makazi na kilimo, pawe pa hoteli na biashara. Yuko mwekezaji anayetaka kujengea wageni wa mlima, na kiwanja chake kinaangukia juu ya migomba yetu, juu ya nyumba ninayolala, na juu ya makaburi ya baba na mama. Kamati ya mipango miji itakaa tarehe ishirini na tisa mwezi huu kuamua. Ikipitisha, mimi sina pa kwenda, Ronald. Nalisema mapema ili usije ukasema hukuelewa.

Mimi nilianza kunusa kitu kabla mvua hazijaisha. Leodegar, mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu ambaye tangu achaguliwe hajawahi kunigeuzia shingo, siku hiyo alisimama getini akaniuliza habari za ng'ombe. Habari za ng'ombe! Mtu asiyejua hata majani unakata wapi, akianza kumuulizia ng'ombe wako, funga zizi. Nikamjibu ng'ombe hajambo, anakusalimu. Akacheka kuliko neno lenyewe lilivyochekesha.

Haikupita wiki, wakaja vijana wa kupima na kile chombo chao cha miguu mitatu. Waliniomba maji nikawapa, maana maji hayanyimwi. Nikawauliza, wanangu, mnapima nini? Wakasema barabara. Barabara gani hiyo inayopita katikati ya migomba ya watu? Walipoondoka nikakuta wamepaka rangi nyekundu kwenye mparachichi wa mama. Nimeisugua kwa brashi ya kufulia mpaka gome likachubuka, na alama bado inaonekana.

Tangazo walibandika, kwa hilo siwezi kuwasingizia. Ila walilibandika ofisi ya kijiji, nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi unalifunika, na ukiwa umefungwa huwezi kuingia. Nililiona kwa sababu nilikwenda kuomba kibali cha kukata mti, upepo ukausukuma mlango nikiwa ndani. Nikamuuliza mtendaji kama wamebandika hapo ili lisomwe na mende. Akasema ukuta mwingine una unyevu.

Mwezi wa nane wakaita mkutano. Soda kwa kila mtu, aisee, baridi kabisa, na kofia kwa vijana. Soda ya bure kijijini kwetu unaijua, baada yake huwa wanaomba kitu. Alikuja afisa mipango miji, binti mdogo mstaarabu, ametundika ramani kubwa ukutani, na kihamba chetu kimepakwa zambarau kama kwaresima. Alieleza vizuri tu. Eneo la hoteli haliruhusu mifugo. Makaburi yatahamishwa kwa heshima. Mfongo wetu, uliochimbwa na mababu na unaomwagilia mpaka kwa majirani wa chini, kwenye ramani umeandikwa mfereji usio rasmi. Watu wakaguna. Leodegar akasema maswali baadaye.

Kisha akaanza kusoma kiwanja kimoja kimoja. Alipofika kwetu akasoma kwamba mmiliki yuko nje ya mkoa, ameridhia, na kwamba hakuna mkazi, yupo mtunzaji tu.

Nakuapia, Ronald, niligeuza kichwa kumtafuta huyo mtunzaji ni nani. Nikaona watu wote wananiangalia mimi.

Yeleuwi! Mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba ile ukiwa wewe bado hujawazwa! Nikaolewa kule Mkuu, nikarudi mjane, na baba akanipa chumba cha upande wa jua mbele ya baba mdogo, akasema huyu ni mwanangu na hapa ni kwake. Mama alipofika mahali hawezi kujigeuza kitandani, niliyemgeuza ni mimi. Kama huo ndio utunzaji, basi kweli nimetunza. Lakini siku ile niliumia, na soda yangu niliimwaga kwenye maua ya ofisi.

Sasa nani kasema hivyo kwa jina lako? Kwamba ni wewe mwenyewe sikuwaza hata kidogo. Nilikaa na swali hilo jikoni, na moyo wangu wote ukamwelekea Thadeus. Nisikilize uone kama nilikosea. Thadeus ni mtoto wa baba mdogo, tumepakana naye, na ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Kwenye mkutano ule hakunywa soda wala hakuniangalia usoni. Mtu anayependa soda kama Thadeus!

Halafu kuna hili. Nilipanga siku ya Alhamisi, wapima watakapokuja kuweka bikoni, wakute nimeziba njia kwa miiba na nimekaa hapo na panga langu la kukatia majani. Jambo hilo niliwaambia watu wawili tu, yeye Thadeus, na wewe kwenye simu. Wakaja Jumatano, mimi nikiwa sokoni nauza ndizi. Nimerudi nakuta bikoni ya saruji imesimama kati ya kaburi la mama na mgomba wa mishare. Nilihesabu wawili, nikamtoa mmoja kwa sababu ni mdogo wangu wa tumbo moja, akabaki Thadeus.

Na Jumamosi ikawa kubwa zaidi. Natoka kukamua alfajiri, namwona Thadeus mpakani, ameinama, ana kisu, anakata masale. Masale ya mpaka aliyopanda babu! Hata mbuzi wetu anajua hayo hayaguswi. Nilipiga ukelele. Akaficha kitu ndani ya koti akasema anapunguza tu yamerefuka. Yamerefuka! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayopita mikononi mwa mwalimu. Nikayapeleka mpaka kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, kwamba mpaka unasogezwa na ndugu wa damu. Na jana kanisani, padri aliposema tupeane amani, Thadeus alinyoosha mkono, mimi nikaipa amani nguzo.

Baada ya misa akanifuata nyumbani. Alisimama uani, kofia kwapani, na mikono yote miwili ameshika isale, tawi moja la masale lenye majani na kipande cha shina, jani moja limefungwa fundo.

Huko pwani labda umesahau, basi nikukumbushe. Kwetu anayekuletea isale hafukuzwi. Hata awe amekuchomea nyumba, ukishaliona jani lile unatakiwa umsikilize na umsamehe. Nilifurahi, Ronald, sikufichi. Moyoni nilisema nilijua mimi, amekamatika. Nikavuta kigoda nikakaa, yeye nikamwacha wima, nikamwambia haya, taja kosa lako mwenyewe kwa kinywa chako.

Thadeus akaanza kulia. Mwanaume mzima mwenye wajukuu.

"Dada Flavia," akasema, "mimi hapa ni mkono tu. Aliyenituma ni Ronald."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Kwamba wewe ndiye uliyempigia Leodegar ukaridhia kihamba kiwe hoteli. Kwamba neno mtunzaji ni lako, ulilitamka ulipoulizwa nani anaishi pale. Kwamba habari ya Alhamisi ulimpa Leodegar wewe, ili eti kusitokee fujo na mimi nisije nikaumia. Na kwamba ulimsihi Thadeus akate isale kwenye mpaka wa baba, liwe na uzito zaidi, aniletee kwa niaba yako kabla ya kamati kukaa ili nilainike. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ulimlilia kwenye simu, akakuonea huruma, akakuficha aibu yako huku mimi namtukana kijiji kizima kikisikia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakung'uta nguo za jirani.

Nilimkalisha Thadeus, nikampikia mtori, nikamwomba radhi, na jumuiya ikikutana nitamsafisha jina mbele ya wote. Ingawa bado nataka kujua kwa nini hakunywa ile soda.

Mdogo wangu, shida yako siijui. Sijui kama ni ada za watoto, au kazi imeyumba, au ni maneno matamu ya mwekezaji tu. Najua kwa mila kihamba ni chako kwa sababu wewe ni kitinda mimba, na mimi sijawahi kuligombania hilo. Lakini ungeniambia. Ungesema dada nimebanwa, tungekaa, tungeuza hata ndama. Kinachoniuma si kwamba ulitaka kuuza. Umekwenda kumwambia Leodegar, mtu wa kuulizia ng'ombe, kwamba mimi si mtu wa pale. Nililia usiku, nikakasirika, halafu nikalia tena.

Leo asubuhi nimeshuka mjini kuweka pingamizi. Nimemkuta yule binti wa mipango miji. Akaniuliza kwa upole, mama, wewe katika ardhi hii ni nani, ni mmiliki au mrithi? Nikamwambia mwanangu, ulisoma mwenyewe mbele ya kijiji kizima kwamba yupo mtunzaji. Ndiye huyu, na anakataa. Andika hivyo hivyo. Alitaka kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha. Akaandika. Ila aliniambia ukweli pia, na kwa hilo nimemheshimu, kwamba kamati itanisikiliza lakini neno la mmiliki ndilo zito, na kama ameridhia, basi mwenye kulifuta ni yeye mwenyewe, kwa kufika. Si kwa simu.

Kwa hiyo mambo yote yamebaki kwako. Asiyekuwepo na lake halipo, na Krismasi mbili sasa hujaonekana nyumbani.

Nirudi kwenye isale lako. Sikulikataa, maana isale halikataliwi. Lakini pia sikulipokea. Baba alipogombana na shemeji yake wa Uru alikwenda mwenyewe kwa miguu, amelishika mbele ya kifua, watu wote njiani wakajua anakwenda kuomba msamaha. Aibu ile ya njiani ndiyo msamaha wenyewe. Hakutuma mtu. Isale haliletwi kwa mkono wa mwingine, Ronald, na hilo ulipaswa kulijua hata ungekaa Mtwara miaka mia.

Nimelifungua fundo, nikalipanda pembeni ya mlango wa jikoni, nikalimwagilia kwa maji ya ule mfereji usio rasmi. Njoo kabla ya tarehe ishirini na tisa. Uling'oe kwa mikono yako, unikabidhi, nami nitalipokea hapo hapo bila swali hata moja, na asubuhi tutashuka pamoja mjini ukaseme neno lako mbele ya kamati. Njoo hata kama bado unataka kuuza, uniambie nikiwa nakuona macho.

Ila usichelewe. Mmea huu unaujua, haubembelezwi. Ukipata maji unashika mizizi upesi, na ukishashika mizizi hakuna anayeung'oa. Isale lililoshika mizizi kwetu si la msamaha tena. Linakuwa mpaka.

Nisalimie Pamela, mwambie sina neno naye. Mbusu Grace na mdogo wake, waambie ndama hajapewa jina, anawasubiri. Thadeus anakusalimu, ingawa hakuniambia nikusalimie. Mungu wa baba na mama akulinde barabarani, akufikishe nyumbani kukiwa bado ni nyumbani.

Nikupendaye hata leo, dada yako,

Flavia,
mtunzaji.