Sentensi Niliyotunga Kituoni

Kiptere,
Jumamosi.

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipkosgei,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Mguu unaendeleaje? Mke wako amerudi kutoka hospitali ya Longisa akatuambia umeanza kutembea na magongo, na kwamba unagombana na manesi kwa sababu ya ugali mdogo. Nikajua umepona! Huku tuko salama, mvua ni nzuri na ng'ombe wako wanakamwa.

Nimesikia umempigia karani simu, ukaamuru kama mwenyekiti kwamba Molly asipimiwe tena majani chai kwenye kituo chetu cha kuuzia. Amerudishwa siku mbili sasa, gunia likiwa limejaa. Hiyo robo eka aliyokodi ndiyo inalisha watoto wake. Ndiyo maana nakuandikia.

Waliokuletea maneno wamekuletea nusu. Tukingoja lori, mwalimu Gekara, yule mstaafu, hutufundisha Kiingereza kigumu huku tukichambua majani mezani. Anatoa neno na maana yake, mmoja wetu anatunga sentensi, na wote tunairudia kwa sauti. Sharti lake ni moja, sentensi iwe ya jambo tuliloliona kwa macho. Wee, hayo maneno nimeyashika! Juzi nilimwambia afisa wa kiwanda kwamba mimi ni "meticulous", yaani sipitishi hata jani moja bovu, akaniuliza nimesoma shule gani!

Basi Jumanne neno lilikuwa "negligent", mtu anayejua wajibu wake na anauacha. Ikatungwa sentensi kwamba mwenyekiti wetu ni negligent, kwa kuwa hata kabla ya kuumia, lori likichelewa hakuwahi kupiga simu kiwandani, na majani yetu yakaharibika kwenye magunia. Tukairudia wanawake thelathini, kumbe meneja wa kiwanda amesimama nyuma yetu. Akaandika yote.

Ukaambiwa aliyeitunga ni Molly, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri na kwao ni kule ziwani, si huku kwetu. Ukaamini haraka sana, ndugu yangu.

Kipkosgei, sentensi ile niliitunga mimi, dada yako wa tumbo moja. Nilinyamaza siku mbili nikimtazama Molly akibeba gunia lake kurudi nalo nyumbani, na kwa hilo naona aibu mpaka sasa. Sentensi yenyewe siifuti. Leo asubuhi nimemwambia Molly na karani mbele ya watu wote. Jumatatu, Molly asipopimiwa, mimi pia sipimi, na wale wengine wote wamesema hivyo hivyo.

Mama anakusalimu sana, anasema umalize dawa. Neno letu jipya ni "accountable", mtu anayesimama mbele ya watu na kujibu kwa aliyoyafanya. Mwalimu aliuliza nani atalitungia sentensi. Nimemwambia tunakungoja wewe.

Akupendaye daima,
dada yako Chepkurui.