Mshono Uliokataa Kuachia

Jumatatu, 7 Julai
Dawa. Uji nusu bakuli. Mguu wa kushoto umevimba tena. Salma, mjukuu wangu, alinifunga kilemba kabla ya kwenda kazini. Nilifundisha hesabu Tanga miaka thelathini. Leo kilemba kinanishinda.

Mchana alipita Mado, msusi wa Kikongo, mwenzake Salma wa jukwaani. Anataka Salma arudi jukwaani Jumamosi, ukumbi ule ule wa mwaka jana, hapa Kensington. Vazi lake la jukwaani bado liko juu ya kabati. Naliona nikiwa kitandani.

Jumanne, 8 Julai
Niandike ni mchezo gani, maana nimeuita uchafu tu. Msichana anavaa kama shujaa wa katuni anazozipenda, askari wa anga. Muziki unapigwa. Anavua deraya, lile vazi la vita, kipande kwa kipande, akimkejeli shujaa huyo huyo anayempenda, mpaka inabaki nguo ndogo yenye nyota. Watu wanacheka pamoja naye.

Deraya ni sponji iliyopakwa rangi ya fedha. Ubavuni haishonwi. Hupigwa bandi, mshono wa muda wa uzi mmoja. Ukivutwa, ubavu wote unaachia. Bandi nilimfundisha mimi.

Jumatano, 9 Julai
Salma amekataa. "Bibi, mikono yangu haifai. Mwaka jana ilishindwa kuvuta uzi tu."

"Mwambie basi, Bibi," Mado akasema. "Mtu mzima anaogopa sponji."

Nikaomba maji. Mwoga mimi. Daktari amesema nimebakiza wiki, si miezi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwambia Salma.

Mwaka jana, siku ya onyesho, alipokuwa akioga, niliupitisha ubavu ule kwenye cherehani. Mara mbili, uzi wa jinzi. Nilidhani vazi lisipovulika, atastirika. Alivuta uzi jukwaani, halikuachia. Akavuta tena. Akapiga magoti, akivutana nalo, muziki ukaisha. Walimcheka yeye. Aliporudi analia, nikamwambia Mungu amemwonyesha. Nilimsingizia Mungu. Hilo linaniuma kuliko mshono.

Alisikiliza amesimama. Akatoka.

Ijumaa, 11 Julai
Salma hanitazami. Dawa ameleta. Uji ameleta, umetiwa sukari kama siku zote. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi aliniwekea vazi mapajani, na wembe. "Fungua ulichofunga."

Imenichukua mpaka adhuhuri. Mado alishika sponji, akiuliza kama nilikuwa nashona turubai la lori. Salma hakucheka. Nilimwomba anitungie uzi kwenye sindano. Akatunga. Nikapiga bandi upya. Imepinda.

Akalivaa, akasimama kando ya kitanda.

"Vuta, Bibi."

Nikavuta. Likaachia lote.

Nikapiga bandi tena. Wameondoka saa kumi, vazi kwenye mfuko wa plastiki. Hajasema amenisamehe. Sijauliza.

Baridi leo. Juu ya kabati hakuna kitu.