Mstari Mmoja kwa Kila Nyumba

Ruiru, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini goti limepata nafuu na huko Kiganjo, Thika, kuna amani. Sisi tu wazima wa mwili, ila mimi sina raha. Mtathmini wa kaunti, kijana aitwaye Dev, amepitia rejista ya zahanati yangu ya mwaka mzima. Tulitumia shilingi 3,588,000, na rejista ina mistari 3,120. Anasema kila mgonjwa ametugharimu 1,150, na hospitali kubwa ingemtibu kwa 700. Nisipotoa utetezi mwezi huu, zahanati itafungwa. Lakini Baba, kila jioni mikono inaniuma kwa kazi. Nimechoshwa na nani, kama watu ni wachache hivyo?

Mwanao,
Wangechi


Thika, 6 Machi 2025

Wangechi, uliyebeba jina la mama yangu,

Goti bado linanung'unika, nami nimezoea manung'uniko yake. Niambie kweli: bado unaandika mstari mmoja kwa kila nyumba, nilivyokufundisha? Mama akileta watoto watatu na wote wakatibiwa, ni mstari mmoja tu?

Kama ndivyo, kosa ni langu. Tulipofukuzwa Molo katika machafuko ya mwaka wa 1992, mimi ndiye niliyeandika orodha ya kambi ya wakimbizi. Karatasi zilikuwa chache, nikaandika wenye nyumba peke yao. Yakaletwa mablanketi arobaini kwa watu mia mbili na kumi. Nilikufundisha kubana karatasi. Hayo mengine nilikuficha kwa aibu.

Usiiguse rejista. Ukiongeza hata mstari mmoja leo, utaitwa mghushi. Kila mgonjwa ana daftari lake nyumbani, lenye tarehe na sahihi yako. Waombe wayalete.

Baba yako


Ruiru, 11 Aprili 2025

Baba,

Habari ya siku nyingi? Nisamehe kimya changu. Wagonjwa walikuja siku nne mfululizo, madaftari yamefungwa kwenye mifuko ya unga, hata kutoka mbali kule Theta. Dev aliketi nje akihesabu. Wilkister, yule muuza mboga za sukuma, alimsimamia begani. "Kijana, hilo moja wanalitumia mapacha wawili. Ukimhesabu mmoja, utachagua nani abaki na malaria?" Dev akafuta, akaandika wawili.

Jumla ni matibabu 8,970. Kila moja shilingi 400. Leo barua ya kaunti imefika: hatufungwi.

Dev aliuliza ni nani aliyenikataza kuigusa rejista. Nikamtajia majina yako yote matatu.

Mwanao,
Wangechi


Thika, 14 Aprili 2025

Wangechi,

Hapa sote tu wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, ili jirani yangu Njau asikie na kujifanya hakusikia.

Nilidhani nilichokurithisha ni ubahili tu.

Alhamisi nakuja hapo kupimwa presha. Tafadhali usinipitishe mbele ya watu. Nitapanga foleni kama wengine, niketi katikati yao, niwasikie wakikutaja bila kujua mimi ni nani.

Baba yako,
Githinji