Kadi za Babu kwa Kasuku

4 Februari

Binti yangu mpenzi,

Salamu zikukute umeketi, maana kusimama najua unasimama vya kutosha huko ng'ambo, kwenye kazi yako ya kufua. Mimi mzima, ila magoti yanaleta maneno. Miguu yako imepungua kuvimba? Na mwanao Kasuku, hajambo?

Usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Barua naisoma mara tatu. Simu ikikatika imekatika.

Nina habari. Najifunza Kiingereza, kwa umri huu. Televisheni nikishaitengeneza huwa naiacha iwake dukani siku nzima, nione kama picha itatulia. Kuna kipindi cha mahojiano ya watu maarufu, hao watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na kila wanachosema kinapita kwa maandishi chini ya kioo. Nanakili kwenye daftari la kazi, kisha maana naitafuta kwenye kamusi. Jana mcheza filamu mmoja alieleza jinsi mbwa alivyotafuna kiatu chake asubuhi ya harusi yake. Humo nikapata neno exhausted. Ni kuchoka, lakini kuchoka kwa mtu aliyesoma.

Nataka kuongea na mjukuu wangu. Ana miaka minane na hatujawahi kuelewana zaidi ya kupungiana mkono. Yeye hana Kiswahili, mimi sikuwa na Kiingereza. Sitaki kufa nikiwa mzee wa kupunga mkono tu. Nipangie Jumapili moja. Mshonaji wa jirani atanishikia simu yake yenye picha.

Baba yako


22 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, tunasukuma siku. Miguu iko vilevile. Wiki hii tumefua mashuka ya hospitali mbili, kwa sababu mashine za wenzetu zimekufa, na mikono yangu inanuka dawa hata nikishaoga.

Ulichoandika juu ya Kasuku kimenichoma. Najua kosa ni langu. Nilidhani Kiswahili atakiokota tu kwangu, lakini nikirudi nyumbani sina neno lililobaki la kuokotwa. Napika, tunakula, nalala kabla yake. Kiingereza amekipata shuleni, kwa majirani na kwenye televisheni, na mimi nimeacha hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka.

Nimemwambia babu yake anajifunza kwa ajili yake. Ameuliza utamwuliza nini. Andaa maswali, Baba, kisha mwache aongee, maana huyo jina lake hakulipata bure. Tufanye Jumapili, tarehe kumi na saba Machi, saa tisa ya huko.

Binti yako


9 Machi

Binti yangu,

Mko salama? Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara nne. Usijilaumu, wewe unabeba na mimi nimekaa.

Maswali kumi tayari, nimeyaandika kwenye kadi kama yule mwendesha kipindi. Nimeweka na kikombe mezani. Nimemchunguza, huwa hanywi, anakigusa tu. Kazi yake nimeshaijua: anauliza, mgeni anajibu, yeye anacheka, anageuza kadi. Neno la wiki ni awkward, yaani ule ukimya wa watu wawili ambao kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Mimi na Kasuku hatutakuwa nao.

Dukani kunasuasua. Mteja amerudisha televisheni akidai nimempa picha bila sauti. Ni wa tatu mwezi huu. Sijui watu wamekuwaje siku hizi, ugomvi tu.

Baba yako


18 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya tunayo. Naandika nikiwa na hasira, bora nikwambie mapema.

Kasuku alivaa gauni lake zuri akakaa kitini nusu saa kabla ya simu. Swali lako la kwanza lilikuwa zuri. Matamshi ni ya kwako peke yako, lakini alielewa: wiki hii umepatwa na nini? Akakwambia paka wake amekufa. Aligongwa na gari Alhamisi. Baba, ulicheka. Ulicheka ukajipigapiga paja, ukageuza kadi, ukamwuliza anapenda chakula gani. Akarudia, paka wangu amekufa. Ukacheka tena.

Mtoto akanyamaza. Huyo, ambaye hata usingizini anaongea. Baadaye akaniambia babu hanisikilizi, anataka tu zamu yake.

Kama Kiingereza umejifunza ili umcheke mtoto, ungebaki kupunga mkono.

Binti yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Ni wiki ya saba sina neno lako. Ule mstari wa mwisho nauona kila nikikunja shuka. Naufuta. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, lakini uchovu si ruhusa ya kumwandikia mzazi vile. Nilimpigia mshonaji, anasema duka umefunga na ukiitwa mlangoni huitiki.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako


24 Mei

Binti yangu,

Nipo, kiasi. Sikukasirika. Niliona aibu.

Sisikii. Sikio la kulia lilianza mwaka juzi, la kushoto likafuata, na mimi nikajifanya mtu wa barua. Wale wateja hawakuwa wagomvi. Nilikuwa nawarudishia televisheni bubu, kwa kuwa picha imetulia na maandishi yanapita, nikaona kazi imekamilika. Nimefunga duka kabla hawajanifungia wao.

Kiingereza changu chote nimekisoma, sijawahi kukisikia. Nilimwona Kasuku anafungua mdomo na kuufunga, nikajua amejibu. Kwenye kipindi mgeni akijibu, mwenyeji anacheka. Nikacheka. Habari ya paka nimeipata kwenye barua yako, na tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri.

Mpe pole yangu. Mwambie sikumcheka yeye. Mambo ya simu basi tena. Nimechoka, binti yangu, sasa kwa lugha mbili.

Baba yako


11 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimelia kwenye chumba cha pasi, wenzangu wakadhani ni mvuke. Ungeniambia. Miaka miwili umebeba hilo peke yako, na mimi nikakuongezea mzigo.

Nilimsomea Kasuku barua yako, sentensi baada ya sentensi, nikimgeuzia kwa Kiingereza. Akauliza, kwa hiyo kusoma babu anasoma? Nikamwambia anasoma sana. Tangu siku hiyo ananidai maboksi matupu ya sabuni kutoka kazini. Chumbani sijui anafanya nini, nimepigwa marufuku kuingia.

Mwombe mshonaji simu mara moja tu, Jumapili tarehe thelathini, saa ileile. Usikatae, Baba.

Binti yako


2 Julai

Binti yangu,

Natumaini mmeamka salama. Mimi leo hata magoti yametulia.

Nilikuona nyuma ya Kasuku, umesinzia kitini kabla hatujaanza, kichwa kimeegemea ukuta. Nikamwonyesha kwa kidole asikuamshe. Kwa hiyo nakusimulia.

Alishika kipande cha boksi chini ya kidevu, kimeandikwa kwa kalamu nene. Uso juu, maandishi chini, kama kwenye kipindi changu. Kilisema: Babu, paka wangu amekufa.

Nikasoma mpaka mwisho. Nikamwambia pole kwa Kiingereza nilichonacho, akaitikia kwa kichwa kwamba amepokea. Zile kadi zilikuwa mfukoni, sikuzitoa. Nikamwuliza swali ambalo sikuwa nimeliandika popote, alikuwa paka wa namna gani.

Akachukua boksi jingine akainama kuandika. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye anaandika, wewe umelala, mimi namngoja, na ule ukimya haukuwa awkward hata kidogo.

Mwambie asiharakishe. Duka nimeshafunga, sina pa kukimbilia.

Babu yake