Baba Yuko kwa Kanali, Mimi kwa Bi Tranter

Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi, maana nacheka na kutetemeka kwa pamoja na Jumamosi inakaribia. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nashona miavuli ya kurukia ya askari wa angani hapa Harrowbeck, na mbunge wetu alipofariki tulijua Kanali Lacey, mgombea wa serikali, atapita bila jasho, kwa kuwa vyama vikubwa vimekubaliana visipingane mpaka vita viishe, mara akajitokeza Bi Dilys Tranter, mwalimu wa jiografia, mgombea binafsi, na baba, ambaye ndiye anayemnadi Kanali, akanituma mkutanoni nikamzomee. Nikasimama nikapaza sauti, "Bi Tranter, ukienda bungeni nani atakupikia?" Akasema, "Binti, najipikia tangu usichana wangu. Kanali je, anapikiwa na nani?" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote, kisha sijui pepo gani alinipanda, nikauliza swali la kweli: vijana wakirudi kutoka vitani watalala wapi, na mabomu yamebomoa nusu ya mtaa wetu? Tangu hapo nazunguka mjini juu ya gari la makaa na kipaza sauti nikimnadi Bi Tranter, watu wananipungia mikono, sijawahi kuwa na raha hivi, hata mgao wa sukari nimeusahau. Baba anadhani niko zamu ya ziada kiwandani. Jumamosi nitahutubia sokoni, naye atakuwa ng'ambo ya uwanja akimnadi Kanali, na husema anayeipinga serikali anamchoma kisu mgongoni kaka yangu Cyril, aliyeko vitani. Nijifanye mgonjwa?

Winifred, Harrowbeck

*

Winifred, ugonjwa gani huo wa kupona Jumapili? Barua yako imenichekesha, sikufichi, na gari hilo ningelipanda mwenyewe lau si magoti haya. Lakini umekosea, binti. Kumpinga baba si kosa. Kosa ni kumdanganya uko cherehani kumbe mji mzima unakusikia. Unataka aambiwe na muuza samaki?

Mwambie leo, akiwa ameketi na chai yake. Usianze na siasa. Sema ulikwenda kumzomea mtu ukamkuta ana akili. Akimtaja Cyril, muulize kwa adabu: akirudi akaoa, yeye na mkewe watalala chumba gani? Kisha nyamaza, ajibu yeye. Akifoka, mwache afoke.

Jumamosi kahutubie, na neno baya juu ya Kanali lisikutoke, maana anayemnadi ni baba yako. Kura zikishahesabiwa, awe ameshinda nani, mshike baba mkono mbele ya watu, mrudi nyumbani pamoja.