Mafundo ya Juu kwenye Nyanya za Selby

S.L.P. 14,
Kerley's Arm,
Newfoundland.
22 Septemba, 2019

Mpendwa mdogo wangu Garland,

Nakusalimu kwa upendo, na natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Noreen. Mgongo unaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza kunyanyua vitu vizito. Kwa kuwa nakufahamu, jibu la swali hili nitalingoja kwa Noreen. Na wale mapacha, wameanza shule salama? Waambie soksi zao nimeshamaliza jozi moja, ya pili imefika kisiginoni.

Mimi ni mzima wa mwili. Goti la kushoto linauma kukiwa na ukungu, yaani karibu kila siku. Kuni za baridi zimeshapangwa hadi usawa wa dirisha. Paa la upande wa bahari lilivuja Agosti, likazibwa.

Sasa habari yenyewe. Nyanya zimeiva. Najua utadhani nakutania, lakini Jumamosi ya tarehe 14, saa nne asubuhi, nilichuma saba, nyekundu kweli, si za rangi ya chungwa zilizoiva nusu. Ya kwanza ilijaa kiganja changu na ilikuwa na joto la jua, ingawa nje nilivaa sweta mbili.

Unakumbuka miaka kumi na tisa ya mume wangu Selby na nyanya zake. Kila Septemba jalidi inaingia kuunguza miche, anachuma za kijani, tunakula achari ya nyanya mbichi mpaka Pasaka. Watu walimwita Bwana Kijani mbele yake, naye akaitika. Mbegu za mwaka huu alizipanda mwenyewe tarehe 16 Machi, kwenye makopo tisa ya maziwa, akayapanga dirishani. Tarehe 2 Aprili ukaja kumzika. Zilikuwa zimetoa majani mawili mawili.

Sikuwa na nia ya kuziendeleza. Lakini siku ulipoondoka nilikuta udongo umekauka nikamwagilia, na ukishamwagilia mara moja unakuwa umekubali. Tarehe 14 Juni nilihamishia miche sita kwenye kile kibanda chake cha vioo. Udongo ulikuwa tayari; mwaka jana alizika humo ndoo nne za samaki wale wadogo wanaojitupa ufukweni, pamoja na mwani.

Kibanda hukukiona vizuri siku ile ya mazishi. Alikijenga kwa madirisha ya nyumba zilizohamwa kule ng'ambo ya maji, na ukuta wa kaskazini ni dirisha la jikoni kwa Mama. Mimi nilimkataza. Aliniambia, "Melvina, kioo ni kioo." Labda. Ila ukiinama kumwagilia, unaona mtu ndani ya kile kioo, na kwa muda mfupi si wewe unayeonekana.

Nakuandikia yafuatayo kwa mpangilio wa tarehe, kama yalivyo kwenye shajara yangu, ili usiseme naongeza chumvi.

Miche ilipoanza kulala niliifunga kwenye nyuzi zilizoning'inia darini. Nilitumia vipande vya soksi kuukuu, fundo la utepe kama la kiatu. Tarehe 27 Juni nikakuta mche wa kwanza na wa tatu imefungwa pia kwa uzi wa kushonea nyavu, kwa lile fundo dogo la mvuvi lisilolegea. Nilijua ni mzee Azariah Keeping, jirani. Anapita kibandani kama anavyopita jikoni kwangu, bila hodi. Sikumwuliza, na tarehe 8 Julai akaenda mjini St. John's kwa binti yake kufanyiwa upasuaji wa macho.

Tarehe 3 Agosti nilipima miche. Ilikuwa imenipita kichwa. Na pale juu, usawa wa paji la uso wangu, palikuwa na mafundo matatu ya uzi wa nyavu. Azariah alipoondoka miche ilinifika kiunoni. Huwezi kufunga shina ambalo bado halijaota.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Kibandani niliingia kila asubuhi, nikafanya kazi haraka, nikatoka. Sikuwa naogopa mwizi. Nilikuwa naogopa kukuta fundo la nne.

Azariah alirudi tarehe 24 Agosti na miwani mipya myeusi, akaja moja kwa moja kudai chai.

"Haya bibie, Bwana Kijani ameacha nini? Kijani?"

"Kaa chini, mzee. Wewe ndiye uliyefunga nyanya zangu?"

"Si ungenishukuru kwanza? Ulizifunga soksi! Nikasema Selby atafufuka kwa aibu."

"Na za juu?"

"Za juu zipi?"

Nikampeleka. Alivua miwani, akaona, kisha akafumba macho akalishika fundo kwa vidole, maana kwa miaka sitini ameshona nyavu gizani kwa kupapasa. Akaligeuza mara mbili.

"Hili si langu," akasema. "Mimi napeleka uzi kulia. Huyu amepeleka kushoto."

"Nani anapeleka kushoto?"

"Melvina, usiniulize unalolijua."

Akavua kofia. Chai hakuimaliza, na siku mbili hakuja. Kwa Azariah, hiyo ni sawa na mwaka.

Ndipo nikafungua shajara kutafuta ni lini hasa mafundo yale yangeweza kufungwa. Garland, naandika kila siku tangu Januari 1973. Niliandika siku aliyokufa Mama. Niliandika siku aliyokufa Selby: hali ya hewa, saa, na jina la muuguzi. Lakini tarehe 19, 20 na 21 Julai hakuna kitu. Kurasa hazikuchanwa. Ni nyeupe. Tarehe 22 naanza na upepo wa kaskazini mashariki, kana kwamba jana yake ilikuwepo.

Nikaenda dukani kwa Loretta, nikamwuliza kama utani kama niliugua mwezi wa Julai.

"Kuugua? Jumapili ile ya ishirini na moja ulikaa mbele yangu kanisani na lile likofia lako la bluu, sikumwona kasisi hata pua! Na uliimba wewe, hee, mpaka nikasema leo mjane amepata nafuu."

Nikacheka naye. Nikanunua sukari ambayo sikuihitaji. Njiani nilijaribu kukumbuka hata wimbo mmoja tulioimba siku ile. Sikuupata.

Sasa unaelewa kwa nini simu zako nyingine sikuzipokea. Mei nilikuuliza habari za mbwa wako, na mbwa alikwisha kufa miaka miwili kabla. Ukasema, "Dada, usije ukawa kama Mama." Nilikukasirikia wiki nzima. Nilikuwa namwona Mama alivyokuwa mwishoni, anatoka na ndoo kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa tukiwa wadogo, na anarudi ameridhika. Hilo ndilo lililokuwa likinitisha kila alipotoka, kwamba anarudi ameridhika.

Siku ya kuchuma nilimpa Azariah tatu. Aliiweka moja mezani, akaizunguka.

"Selby angeipeleka kanisani hii, watu wapange foleni kuitazama."

"Kula, mzee."

"Nakula, nakula. Usinikimbize, nimeingoja miaka kumi na tisa hata mimi." Akala na ganda na kikonyo, akageukia dirishani, akasema moshi wa jiko unamuumiza macho mapya. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Yangu niliikata jioni, kwa mkate na chumvi. Ilikuwa tamu, Garland. Ilikuwa na ule ukali wa majani ambao za dukani hazina. Nusu niliiacha kwenye sahani upande wa Selby. Najua nilichofanya, nilikifanya kwa makusudi, na nimekiandika. Asubuhi ilikuwa palepale, nikaila kwa chai.

Jalidi iliingia juzi, Ijumaa. Zilizobaki nilizichuma za kijani, arobaini na mbili, zimo kwenye droo ya shuka ndani ya magazeti. Miche nimeing'oa. Yale mafundo matatu ya juu nimeyakata pamoja na uzi wake, yapo kwenye bahasha.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilikata uzi mpya nikakaa mezani mahali nilipokaa majira yote ya baridi nikifuma, Selby mkabala anashona nyavu. Hakunifundisha kamwe, wala sikumwomba. Nilijaribu fundo lile mara nne huku natazama mikono yangu, na mara zote nne lilifunguka. Birika likaanza kupiga kelele, nikageuza shingo kulitazama, na niliporudisha macho fundo lilikuwa limefungwa. Nililivuta halikulegea. Uzi umekwenda kushoto.

Nimelilinganisha na yaliyomo kwenye bahasha. Ni lile lile.

Basi inaelekea ni mimi. Nilisimama kibandani siku tatu, mbele ya dirisha la Mama, nikafanya kazi ya mume wangu kwa mikono ya mume wangu, nikaenda kanisani, nikaimba, na hakuna hata dakika moja iliyobaki kwangu. Na kama si mimi, basi unajua tunasema nini. Nimejiuliza kutwa nzima lipi kati ya hayo mawili ningelipendelea. Nikuambie ukweli: ningependa awe Selby. Na nikajisikia nikilisema hilo kwa sauti, jikoni, peke yangu, nikiwa nimeridhika.

Ulisema utanitumia tiketi ya tarehe 5 Oktoba nije kuishi kwenu Alberta. Usiitume. Njoo wewe. Kaa nami wiki mbili, ulale chumba kile unacholala ukija, unitazame nikipika, nikihesabu, nikitembea. Usinipime kwa simu, maana kwenye simu naweza kudanganya. Shajara zote nitakupa uzisome, za mwaka huu kwanza. Ukikuta siku nyingine nyeupe ambazo mimi sijaziona, niambie usoni. Nitafunga mlango nikufuate bila neno, na Azariah atapewa funguo. Usipozikuta, utaniacha hapa, na hutanitajia Alberta tena. Nitakubali utakavyoamua. Ningeweza kukuficha haya yote, na hilo nataka ulihesabu upande wangu.

Msalimie sana Noreen, na mapacha, Keegan na Brielle, na mama mkwe wako. Azariah anakusalimu, anasema yeye bado ni mkorofi lakini sasa anaona. Loretta naye anakusalimu. Mungu awalinde ninyi nyote na baridi inayokuja, na akufikishe hapa salama kabla bahari haijachafuka.

Barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kuifunga. Kama wiki iliyopita nilikwisha kukuandikia haya haya, usinipigie kuniambia. Niambie ukifika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku ninazozikumbuka na nisizozikumbuka,

Melvina